Mwanasayansi wa Data katika Kampuni ya Ushauri: Kazi Yake Ikitazamwa kutoka Sikonge

Mwanasayansi wa data katika kampuni kubwa ya ushauri elekezi ni mtaalamu anayelipwa kuchukua kumbukumbu za mteja, ziwe za mauzo, mavuno, wagonjwa au malipo ya simu, na kuzigeuza kuwa uamuzi ambao mteja anaweza kuutetea mbele ya bodi yake, wafadhili wake au Bunge. Hafanani na mtakwimu wa serikali, ambaye kazi yake ni kuhesabu na kutangaza hesabu kwa wote. Hafanani pia na mwenzake aliyeajiriwa na benki au kampuni ya simu, anayeshinda na data za aina moja mwaka baada ya mwaka hadi akazijua tabia zake. Wa ushauri ni mtu wa kuhamahama: miezi michache yuko kwenye mabenki, inayofuata yuko kwenye umeme, kisha kilimo, kisha afya. Kila mara anaingia akiwa mgeni, na mara nyingi anaondoka kabla ya kujua kama ushauri wake ulifaa.

Sikonge ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hii kwa sababu hapana ofisi hata moja ya kampuni hizo. Wilaya hiyo iko kusini mwa Tabora mjini, na makao yake makuu yako mwendo wa kilomita zipatazo 70, kwenye barabara inayoendelea Ipole hadi Mpanda. Eneo lake linazidi theluthi moja ya mkoa mzima wa Tabora, sehemu kubwa ikiwa misitu ya miombo, na watu wake wanaishi kwa tumbaku, asali, mahindi na ng'ombe. Sensa ya 2002 iliwahesabu watu 133,388. Ya 2012 ikawahesabu 179,883. Maamuzi mengi yanayogusa maisha yao, kama vile kiasi cha tumbaku kitakachonunuliwa, kisima kitakachochimbwa na zahanati itakayoongezewa watumishi, hufanyika Dodoma, Dar es Salaam au ng'ambo, na wanaoyafanya huisoma Sikonge kwenye jedwali. Jedwali hilo lina mtengenezaji, naye siku hizi mara nyingi huitwa mwanasayansi wa data.

Jina na asili yake

Kazi ni ya zamani kuliko jina. Mwaka 1962 mtakwimu Mmarekani John Tukey aliandika kwamba uchambuzi wa data unastahili kusimama kama taaluma yenyewe, na mwaka 2001 William Cleveland wa Bell Labs akapendekeza taaluma hiyo iitwe sayansi ya data. Cheo kazini kilianza kuenea mwaka 2008, DJ Patil akiwa LinkedIn na Jeff Hammerbacher akiwa Facebook, walipotafuta jina la kuwaita watu wao walioandika programu, wakapiga hesabu za takwimu na bado wakaweza kuzungumza na wakuu wa biashara. Mwaka 2012 jarida la Harvard Business Review likachapisha makala ya Patil na Thomas Davenport iliyoipigia debe kazi hiyo, na vyuo duniani vikafungua shahada zake.

Kampuni za ushauri zilikuwapo muda mrefu kabla ya hapo. Deloitte ilianza London mwaka 1845 kama ofisi ya mhasibu mmoja. McKinsey ilianzishwa Chicago mwaka 1926. Boston Consulting Group, BCG, mwaka 1963. Kwa miongo mingi zilichouza ni watu wenye elimu ya juu, mahojiano na wakuu wa mteja, na slaidi zilizopangika vizuri. Data zilipokuwa nyingi, wateja wakaanza kuuliza maswali ambayo slaidi haziwezi kuyajibu, na kampuni zikanunua ujuzi huo ulikokuwa. McKinsey iliinunua QuantumBlack mwaka 2015, kampuni ya London iliyoanzia kwenye data za mbio za magari ya Formula One. BCG iliunganisha wahandisi na wanasayansi wake wa data katika kitengo kiitwacho BCG X mwaka 2022. Deloitte, PwC, KPMG na EY, ambazo zote zina ofisi Dar es Salaam, ziliongeza idara za data kando ya ukaguzi wa hesabu na kodi.

Vitendea kazi vyenyewe havina siri. Lugha ya SQL, inayotumika kuuliza maswali kwenye kanzidata, ilitokea IBM katika miaka ya 1970. Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. R ilibuniwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika miaka hiyohiyo ya 1990, na maktaba ya pandas ilianzishwa na Wes McKinney mwaka 2008. Python, R na pandas hupakuliwa bure. Kijana aliyeko Tutuo, Sikonge, mwenye kompyuta mpakato na bando la intaneti anashika zana ileile anayoishika mshauri wa London, na jambo hilo halijawahi kutokea katika fani nyingine nyingi zinazolipa vizuri.

Ndani ya kampuni

Juu kabisa wapo wabia, ambao ni wenye kampuni na ndio wanaoleta wateja. Chini yao wapo mameneja, kisha washauri, kisha wachambuzi waliotoka chuo. Mteja hutozwa kwa siku za kazi za kila mmoja, na siku ya mbia ni ghali mara nyingi kuliko ya mchambuzi. Kampuni hupata faida kwa kumweka mbia siku chache na wachambuzi siku nyingi. Mwanasayansi wa data amechomekwa katika mpangilio huo. Ana lengo la siku zinazotozwa kwa mwaka, na siku ambayo haina mteja wa kutozwa huhesabiwa dhidi yake. Ndiyo maana kazi ambazo hakuna mteja anayezilipia, kama kurudi baada ya mwaka kuangalia kama utabiri ulitimia, hazifanywi.

Mradi wa serikali au wa mfadhili huanza na hadidu za rejea. Nchini Tanzania zabuni za umma sasa hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi ulioanza kutumika mwaka 2023. Kampuni huandika andiko lake, hueleza mbinu, huweka wasifu wa wataalamu na kutaja bei. Kasoro kubwa ya kazi hii imo humo: andiko huahidi modeli kabla ya mtu yeyote wa kampuni kuziona data. Zabuni ikishapatikana, ahadi imekuwa mkataba, na mwanasayansi wa data hutumia wiki za mwanzo kugundua kwamba faili alizoahidiwa hazipo, au zipo kwenye madaftari, au zipo kwenye faili nne za Excel zisizokubaliana.

Sehemu kubwa ya muda huishia katika kuomba data, kuzisubiri, kuzisafisha na kuzioanisha. Kutengeneza modeli yenyewe ni kazi ya siku chache. Kisha huja sehemu ambayo vyuo haviifundishi: kumshawishi mbia. Hesabu ya kweli hutoka na mapana yake, kwa mfano kwamba mavuno yatakuwa kati ya kiwango hiki na kile, na kwamba yanaweza kutoka nje ya hapo. Mbia anataka namba moja ya kuweka kwenye slaidi, kwa sababu mteja ameomba namba moja. Uadilifu wa mwanasayansi wa data hupimwa hapo. Anayekubali kuyafuta mapana ameuza kitu ambacho hakuwa nacho.

Makisio ya tumbaku

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi chini. Tuseme mnunuzi, benki inayokopesha wakulima, au serikali yenyewe inataka kukadiriwa mapema tumbaku ya Sikonge itakuwa kiasi gani msimu ujao. Kazi ya aina hii ni ya kawaida kwa kampuni za ushauri, na kwa juu inaonekana nyepesi: kuna miaka ya nyuma, kuna mvua, kuna maeneo yaliyolimwa.

Data za kwanza ni makisio. Kila msimu mkulima, kupitia chama chake cha msingi, yaani AMCOS, huingia mkataba wa kuzalisha kilo kadhaa, na mkataba huo ndio unaobeba mkopo wake wa pembejeo. Namba iliyobeba mkopo haisomwi kama namba ya mizani. Anayetaka mbolea ya kutosha ana sababu ya kuandikisha kilo nyingi, na anayeogopa deni ana sababu ya kuandikisha chache. Mchambuzi aliyeketi Dar es Salaam huona safu mbili katika faili moja, makisio na mauzo, zote kwa kilo, akadhani zina asili moja. Ya kwanza ni ombi. Ya pili ni kipimo. Asiyezitenganisha atajenga modeli inayotabiri hofu na matumaini ya watu akiyaita mavuno.

Data za pili ni mauzo. Siku ya soko kila robota hupimwa uzito, likapewa daraja na bei yake, na kwa miaka mingi bei imekuwa ikipangwa kwa dola ya Marekani. Madaraja ni mengi, kwa kuwa hutazama jani lilitoka sehemu gani ya mmea, rangi yake na ubora wake. Wakulima wawili wenye kilo sawa wanaweza kurudi nyumbani na fedha zisizokaribiana hata kidogo, kwa sababu bani la mmoja, yaani banda la kukaushia majani, lilishika joto sawasawa na la mwingine likaunguza. Modeli inayotabiri kilo peke yake inamtosha mwenye magari ya kusafirishia mzigo. Haimtoshi anayetaka kujua kama mkopo utarudi, wala mama anayesubiri malipo ya tumbaku ndipo ada ya mtoto ilipwe.

Tatu, majina. Ili kumfuata mkulima mmoja kutoka msimu hadi msimu, lazima jina lake la mwaka huu lioanishwe na la mwaka jana. Katika Unyamwezi na Usukuma herufi za l na r hubadilishana katika matamshi, na karani huandika alichosikia. Mtu yuleyule ni Kalunde katika daftari moja na Karunde katika jingine. Programu nyingi za kuoanisha majina hutumia njia iitwayo Soundex, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya Kiingereza. Soundex huipa l namba 4 na r namba 6, kwa hiyo Kalunde huwa K453 na Karunde K653: watu wawili tofauti kabisa machoni pa mashine. Njia ya Vladimir Levenshtein ya mwaka 1965, inayohesabu herufi ngapi zibadilishwe ili neno moja liwe jingine, huona tofauti ya herufi moja tu na kuwakaribisha. Hata hivyo nayo itawakaribisha ndugu wawili wenye majina yanayofanana wanaolima kijiji kimoja. Kinachomaliza ubishi ni namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ikiwepo, na isipokuwepo, ni katibu wa AMCOS anayewajua wote kwa sura. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu makosa ya majina hayaonekani kwenye slaidi, na bado yanaweza kumfanya mlipaji mzuri aonekane mkopaji mpya asiye na historia.

Nne, picha za setilaiti. Sentinel-2 za shirika la anga la Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupiga picha za kila mahali baada ya siku chache kwa uwazi wa mita 10, na mtu yeyote huzipata bure. Tatizo la Sikonge ni kalenda. Tumbaku hulimwa wakati wa masika, kati ya Novemba na Aprili, na hapo ndipo mawingu yanapoifunika miombo. Picha safi hupatikana kiangazi, wakati shambani hakuna jani. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, lakini kutenganisha tumbaku na mahindi kwa rada kunahitaji mashamba ya kujifunzia, yaani mtu wa kwenda kwa miguu katika kata kama Kiloleli na Kitunda na kuandika shamba hili ni tumbaku, lile ni mahindi. Data za kutoka angani hazijamwondolea mtu ulazima wa kufika.

Baada ya hayo ndipo modeli hutengenezwa na kujaribiwa. Kosa la kawaida la wageni katika fani ni kuchanganya rekodi za miaka yote, kuzigawa kwa bahati nasibu, sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia, kisha kufurahia matokeo. Rekodi za msimu mmoja hushiriki mvua na bei ileile, hivyo modeli huwa imeshachungulia majibu. Jaribio la haki ni kuificha misimu ya mwisho kabisa na kuiuliza modeli ingetabiri nini. Na hata jaribio hilo lina ukomo. Uzalishaji wa tumbaku nchini ulipanda kutoka takriban tani 70,000 msimu wa 2021/22 hadi zaidi ya tani 120,000 msimu wa 2022/23, wanunuzi walipoongezeka na mikataba ikapanuka. Modeli iliyofunzwa kwa miaka iliyotangulia haikuwa na njia ya kuliona hilo, kwa kuwa sababu yake haikuwa kwenye mvua wala udongo. Ilikuwa kwenye mikataba. Mtu aliyehudhuria mkutano mmoja wa AMCOS mwanzoni mwa msimu angeijua kabla ya mashine.

Hapa ndipo penye hoja yangu kuhusu kazi hii. Usahihi wa mwanasayansi wa data hutengenezwa zaidi na katibu wa AMCOS, karani wa mizani, mtendaji wa kijiji na afisa ugani kuliko na modeli. Wao ndio wahesabuji wa kwanza. Kampuni zinaposhindana kwa bei, siku za uwandani ndizo rahisi kukatwa, kwa sababu zina nauli, posho na vumbi, na mteja hazioni. Zikishakatwa, mtaalamu hubaki na faili asilojua lilizaliwaje.

Ziko data nyingine za Tanzania zinazoonyesha hilo hadharani, na mwanafunzi yeyote anaweza kuzifungua. Shindano maarufu la mtandaoni la DrivenData huwapa washiriki kumbukumbu za vituo vya maji 59,400 kutoka Wizara ya Maji, mkoa wa Tabora ukiwemo, na kuwataka watabiri kipi kinafanya kazi, kipi kinahitaji matengenezo na kipi kimekufa. Maelfu ya watu duniani wamejifunzia fani kwa visima vyetu. Katika kumbukumbu hizo vituo zaidi ya 20,000 vina mwaka wa ujenzi ulioandikwa 0, na zaidi ya 21,000 vimeandikwa kuwa vimezungukwa na watu 0. Sifuri hizo hazina maana ya kwamba hakuna watu. Zina maana kwamba hakuna aliyeuliza, au aliyeuliza hakujibiwa, na fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Anayezijaza kwa wastani bila kusita atapata alama nzuri kwenye shindano. Anayekwenda kutoa ushauri wa kuchimba visima kwa namna hiyo atawanyima maji watu halisi.

Tabora na wakadiriaji wake

Kukadiria Unyamwezi kutoka mbali hakukuanza na kompyuta. Katika karne ya 19 wafadhili wa Zanzibar kama Taria Topan walikopesha bidhaa kwa misafara iliyopita Tabora kuelekea Ujiji na kurudi baada ya miaka. Walihitaji kujua bei ya pembe za ndovu Tabora, nani analipa madeni, na njia ipi imefungwa kwa vita, na habari hizo zilibebwa na watu waliotembea. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliposhindwa kupita njia ya kawaida kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo wa Unyamwezi, alizunguka kusini-magharibi kupitia Ugunda na Ukonongo. Uamuzi huo ulitokana na taarifa za watu wa hapo, na hakuna ramani ya London ambayo ingempa.

Karne iliyofuata ilileta mfano mbaya zaidi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kupima uwezekano wa kulima karanga kwa mashine. Ujumbe ulifanya kazi kwa wiki tisa, ikiwemo kuitazama nchi kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3. Mashamba yalifunguliwa Kongwa, Nachingwea na, huku mkoani Tabora, Urambo. Kumbukumbu za mvua zilikuwa haba, ugumu wa udongo wa kiangazi haukupimwa, na mizizi ya miti ilivunja matrekta. Mwaka 1951 mpango ulifutwa na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na muda mfupi, mteja mwenye haraka na namba chache, hali anayoijua kila mshauri wa leo, na walichokosea ni kukubali kutoa namba kubwa bila kutaja mapana yake. Urambo baadaye ikawa nchi ya tumbaku.

Baada ya Uhuru washauri waliendelea kuja. Kampuni ya Kimarekani Arthur D. Little iliandika ripoti kuhusu viwanda vya Tanganyika mwaka 1961. McKinsey ilishauri mashirika ya umma, na ndiyo iliyosaidia kuandaa mpango wa madaraka mikoani wa 1972, uliofuta halmashauri za wilaya na kuweka wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Kwenye karatasi mpango ulikuwa na mantiki: peleka wataalamu karibu na wananchi. Kilichotokea ni kwamba wataalamu walifika na wawakilishi waliochaguliwa wakaondoka, na sheria za 1982 zikalazimika kuzirudisha halmashauri, zilizoanza kazi tena mwaka 1984. Mchoro wa utawala unaweza kuwa sahihi kwa kila mstari na bado ukawa umewaacha nje watu unaowahusu. Nauona mfano huo kuwa wa maana zaidi kwa mwanasayansi wa data kuliko kitabu chochote cha hisabati.

Dhamana na sheria

Makosa ya karibuni ya kampuni hizi yako wazi mahakamani na serikalini. Mwaka 2021 McKinsey ilikubali kulipa dola milioni 573 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani kuhusu ushauri wake kwa watengenezaji wa dawa za maumivu za aina ya opioid, ushauri ambao ulijumuisha kuchambua data za madaktari ili wauzaji wawalenge wanaoandika dawa nyingi. Desemba 2024 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 katika kesi ya hongo iliyohusu mashirika ya umma ya Afrika Kusini, Transnet na Eskom. Mwaka 2025 Deloitte ilirudisha sehemu ya malipo kwa serikali ya Australia baada ya ripoti yake, iliyoandaliwa kwa msaada wa akili mnemba, kukutwa na marejeo ya machapisho yasiyokuwepo. Katika kesi ya kwanza, hesabu zilifanya kazi kama zilivyokusudiwa. Kilichokuwa kibaya ni swali.

Tanzania ina Sheria ya Takwimu ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 chini ya Tume yake. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya pili, mkulima wa Pangale wilayani Sikonge ambaye jina, simu na deni lake vimo kwenye faili la mshauri ana haki ya kujua taarifa zake zinatumika kwa lipi. Mwanasayansi wa data mwenye adabu huondoa majina mara tu anapomaliza kuoanisha, na habebi faili zima kwenye kompyuta yake binafsi.

Njia ya kuingia

Kampuni hizi huajiri kwa wingi kutoka vyuo vikuu, na mlango wa kawaida ni shahada ya takwimu, hisabati, uchumi, uhandisi au sayansi ya kompyuta. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, kimefundisha watakwimu wa nchi nyingi za ukanda huu. Jukwaa la Zindi, lililoanza Afrika Kusini mwaka 2018, huendesha mashindano ya data za Kiafrika ambayo mtu anashiriki akiwa popote. Usaili huwa na jaribio la SQL na Python, maswali ya takwimu, na kisa cha biashara cha kuchambua kwa mdomo. Kinachowaangusha wengi ni hicho cha mwisho, kwa kuwa kinataka mtu anayeuliza namba ilitoka wapi kabla ya kuitumia.

Na hapo kijana aliyekulia Sikonge ana mtaji ambao hautambui. Anajua kwamba mfuga nyuki anaweza kuwa porini wiki kadhaa msimu wa kurina, kwa hiyo nyumba iliyokutwa imefungwa siku ya dodoso haikuhamwa. Anajua kaya ya Kisukuma yenye ng'ombe inaweza kuwa na maboma mawili, na mdodosaji asiye makini ataihesabu mara mbili au asiihesabu kabisa. Anajua ndoo iliyoko foleni kisimani Oktoba ina habari kuliko kisima kilichopigwa picha Februari. Ujuzi huo ndio kampuni inaulipia nauli ya ndege kuutafuta.

Halmashauri nazo zina la kufanya, na halihitaji bajeti mpya. Kila mkataba wa ushauri elekezi uandikwe kwamba data zilizosafishwa, programu zilizotumika na maelezo ya kila safu vinabaki wilayani mradi ukiisha. Kwamba ripoti ina muhtasari wa Kiswahili unaosomwa mbele ya kamati ya maendeleo ya kata. Na kwamba siku za uwandani zilizoahidiwa kwenye andiko haziwezi kupunguzwa bila idhini ya halmashauri. Afisa mipango, afisa ununuzi na madiwani wanaosoma haya wayadai kabla ya kusaini, kwani baada ya kusaini hakuna atakayewasikiliza.